Maji ya Bath na Jicho la Fundi

Mji wa Bath, magharibi mwa Uingereza, umekaa juu ya maji moto. Chemchemi iliyo katikati yake hutoa zaidi ya lita milioni moja kila siku, kwa joto la nyuzi 46 hivi, iwe baridi iwe kiangazi. Warumi waliyakuta maji hayo yakibubujika kwenye kinamasi, na wenyeji wakimheshimu hapo mungu wa kike waliyemwita Sulis. Kuanzia miaka ya 60 na 70 baada ya Kristo waliizungushia chemchemi mawe, wakajenga hekalu ubavuni mwake, kisha mabafu ambayo waliyapanua mara kwa mara kwa karne tatu. Leo mabaki hayo ni makumbusho, na asubuhi foleni ya wageni huzunguka uwanja wa kanisa kuu lililo jirani.

Wengi wao huenda moja kwa moja kwenye Bwawa Kubwa, wakapiga picha za maji ya kijani na sanamu za watawala zilizopangwa juu yake. Mgeni mmoja kutoka Unguja hakuzishughulikia sanamu. Alitaka kuona maji yanatokea wapi na yanaishia wapi. Ni fundi mstaafu wa maji, mtu aliyetumia umri wake wa kazi kwenye mitaro, visima na matangi, na alikuwa amekuja kumtembelea binti yake, muuguzi anayeishi Bristol, mwendo mfupi kwa treni kutoka Bath. Binti ndiye aliyekata tiketi, kwa kuwa alijua baba yake hawezi kukaa nyumbani wiki nzima akitazama televisheni.

Na kweli, sanamu zile hazikustahili kukimbiliwa. Zilichongwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati roshani ya juu ya bwawa ilipotengenezwa kwa ajili ya ufunguzi wa mwaka 1897. Ukijani wa maji nao si wa Kirumi. Bwawa hilo, lenye urefu wa mita 22 hivi na kina cha zaidi ya mita moja na nusu, lilikuwa ndani ya ukumbi mrefu. Kwanza ulikuwa na paa la mbao, kisha katika karne ya 2 ukaezekwa kwa kuba la matofali yenye uwazi ndani ili uzito usizielemee nguzo. Paa lilipoanguka jua likapata njia, na mwani ukaota. Kipande kikubwa cha kuba hilo kimewekwa pembeni, na matofali yake matupu yanaonekana vizuri. Fundi alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama bwawa.

"Haya maji yamekuwa kijani kwa sababu ya jua," alimwambia binti yake. "Tangi lolote ukiliacha wazi linafanya hivihivi."

Maji yenyewe ni ya mvua. Hunyesha kwenye vilima vya Mendip, kusini ya mji, yakazama ndani ya miamba ya chokaa kwa zaidi ya kilomita mbili, yakapashwa na joto la ardhi, kisha yakasukumwa juu kupitia ufa wa miamba mpaka yakatokea hapo Bath. Safari hiyo huchukua maelfu ya miaka. Vilima hivyohivyo ndivyo vilivyowapa Warumi risasi, yaani madini yale mazito ya kijivu ambayo mafundi wa zamani walitengenezea mabomba. Waliivamia Uingereza mwaka 43, na katika miaka michache tu walikuwa tayari wanachimba risasi Mendip. Kwa hiyo sakafu ya Bwawa Kubwa imetandikwa mabamba 45 ya risasi iliyotoka karibu, na mabamba hayo mpaka leo yanashika maji.

Hapo ndipo fundi alipoanza kuuliza maswali. Pembeni ya bwawa, juu ya mawe ya sakafu yaliyolika kwa nyayo, kuna kipande cha bomba la Kirumi. Halikumiminwa kwenye kalibu wala halikuvutwa kwa mashine. Fundi wa wakati ule alichukua bamba la risasi, akalikunja mpaka kingo mbili zikakutana, akazifunga kwa juu, na mshono ukabaki umeinuka kwa urefu wote wa bomba. Ukilikata ungeona umbo la tone la maji badala ya duara. Mzee alichuchumaa, akalisogelea kadiri kamba ya uzio ilivyomruhusu, akaufuata mshono ule kwa kidole hewani. Yeye alianza kazi wakati mabomba ya chuma yalikuwa bado yanaunganishwa kwa katani na rangi, na anajua maungio yanavyomsumbua mtu. Alisema mshono wa namna ile, ukifungwa na mtu mvivu, ungevuja siku ya kwanza.

Warumi wenyewe walijua kwamba risasi ina madhara. Vitruvius, msanifu majengo aliyeandika kabla ya bwawa hilo kujengwa, alishauri watu wanywe maji ya mabomba ya udongo wa kuchoma, na alitoa mfano wa mafundi wa risasi ambao miili yao ilikuwa imepauka. Ushauri ulikuwepo, ila risasi ilikunjika kirahisi na Mendip ilikuwa karibu.

Njia ya wageni inashuka chini ya usawa wa mtaa, inapita kwenye mabaki ya hekalu, na mahali fulani inafika kwenye tundu la mawe ambamo maji ya ziada ya chemchemi yanamwagika. Mvuke unapanda. Mawe yamegeuka rangi ya machungwa kwa chuma kilichomo majini. Watu hupita hapo haraka, maana hakuna cha kupiga picha ila maji yanayoporomoka. Fundi alisimama. Alitaka kujua mteremko ni wa kiasi gani, na kama mtaro ule ni wa zamani au umejengwa upya. Binti akamwuliza mhudumu aliyekuwa karibu, kisha akamgeukia baba yake: mtaro ni wa Warumi, mtu anaweza kuingia ndani yake na kutembea, unapita chini ya mji mpaka mto Avon, na bado unafanya kazi.

"Tangu lini?"

"Tangu walipoujenga, baba. Wamekuja kuusafisha tu."

Jibu hilo lilimkaa. Wahandisi wa Kirumi waliikabili chemchemi kwa utaratibu ambao fundi yeyote wa maji angeutambua. Walishindilia nguzo za mti wa mwaloni kwenye tope kuizunguka, wakajenga birika la mawe na kulitandika risasi, ili maji yajae, mchanga utulie chini, na maji yaliyo juu yaende kwenye mabafu kwa mvutano wa ardhi, bila pampu. Kilichozidi kikapewa njia yake. Njia hiyo ya kilichozidi ndiyo iliyodumu kuliko vyote. Kuba limeanguka, hekalu limebomoka, na mtaro unaendelea kupeleka maji mtoni.

Tena sasa umepewa kazi ya pili. Kanisa kuu la Bath, lililo hatua chache kutoka hapo, lilikuwa na sakafu mbovu na baridi kali. Katika ukarabati wa miaka ya karibuni, vifaa vya kunyonya joto viliwekwa ndani ya mtaro wa Kirumi, na joto ambalo zamani lilikwenda kupotea mtoni sasa linapasha sakafu ya kanisa. Mzee alipoelezwa hayo aliomba waingie kanisani wakahakikishe. Waliingia, akasimama kwa muda juu ya mawe yale, mbele ya waumini waliokuwa wakiwasha mishumaa.

Kazi ya kusafisha inasaidia pia kueleza jinsi mabafu yalivyokufa. Utawala wa Roma ulikoma Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, na maelezo ya haraka ni kwamba majeshi yaliondoka, watu wakayaacha majengo. Ardhi ya Bath inasimulia jambo la polepole zaidi. Uani mwa hekalu wachimbuaji walikuta tabaka la tope, juu yake mawe yaliyopangwa upya, kisha tope tena, kisha mawe tena. Maji yalipanda na kuleta matope, watu wakasafisha, wakatandika sakafu mpya, wakaendelea kuja. Mafuriko yakarudi. Kila mara lilikuwepo kundi la watu walioona kwamba bado inafaa kushika sepetu. Ikafika mara ambayo hawakutokea. Baada ya hapo palirudi kinamasi, nguzo zikaangukia majini, na watu wa karne zilizofuata wakajenga juu yake bila kujua vizuri kilichomo chini.

Bwawa Kubwa lilikaa chini ya nyumba za watu mpaka miaka ya 1880. Mpimaji wa mji, Meja Charles Davis, alikuwa akifuatilia uvujaji wa maji moto tangu mwaka 1878. Akauzibua mtaro wa Kirumi, maji yakashuka, na ukumbi uliozikwa ukaanza kuonekana. Ni jambo la kufikirisha kwamba ugunduzi mkubwa kabisa wa mabaki ya Kirumi mjini humo ulitokana na malalamiko ya maji yanayovuja.

Ugunduzi uliofuata ulitokana na msiba. Mwaka 1978 msichana mmoja alikufa baada ya kuogelea katika maji ya chemchemi hiyo. Kimelea cha Naegleria fowleri, ambacho huishi kwenye maji ya uvuguvugu, huingia kwa njia ya pua na kushambulia ubongo. Maji yakafungwa kwa umma. Hii ndiyo sababu mgeni wa leo anakatazwa hata kutumbukiza mkono bwawani, na ndiyo sababu kikachimbwa kisima kipya cha kuteka maji safi kutoka chini zaidi. Mwaka 1979 na 1980, birika la chemchemi likiwa halitumiki, wanaakiolojia wakiongozwa na Barry Cunliffe walilikausha na kuchimba tope lake. Wakatoa zaidi ya sarafu 12,000 ambazo watu walimtupia mungu wao. Wakatoa pia vibamba vyembamba vya risasi, vingine vimekunjwa, vingine vimeviringishwa, vimeandikwa kwa ncha kali. Kwa jumla vibamba vya Bath ni 130 hivi, na karibu vyote ni maapizo.

Mwandishi wa kibamba alikuwa ameibiwa. Aliandika jina lake, akataja kilichopotea, akamkabidhi Sulis mwizi na mali yenyewe, kisha akaeleza adhabu aliyoitaka. Docilianus aliibiwa joho lenye kofia, na akaomba mwizi asipate usingizi wala watoto mpaka alirudishe hekaluni. Solinus alipoteza nguo ya kuogea na joho. Docimedis alipoteza glavu mbili, akataka aliyezichukua apoteze akili na macho. Annianus aliibiwa sarafu 6 za fedha mfukoni mwake. Aliandika kwamba mwizi ashughulikiwe awe mpagani au Mkristo, na akaorodhesha majina ya watu aliowashuku. Wengi walikuwa waangalifu wasiache mwanya: awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru, mvulana au msichana.

Binti alimsomea baba yake tafsiri zilizobandikwa ukutani, moja baada ya nyingine. Kwenye Docilianus mzee alianza kucheka, na kwenye Docimedis akanyamaza.

"Hawa walikuwa wanasoma Halbadiri," akasema.

Msomaji wa Pwani hahitaji maelezo. Mtu akiibiwa baiskeli au dhahabu ya harusi, na polisi wakawa hawana la kumsaidia, hutangaza kwamba atasoma Halbadiri, na mara nyingi tangazo lenyewe hutosha. Kitu hurudishwa usiku, kikaachwa barazani. Ni dua ya watu wenye imani tofauti kabisa na ya Sulis, na haifai kuzichanganya. Ila haja iliyozizaa inafanana: mahali ambapo watu wanyonge hawana askari wa kuwashughulikia, wanapeleka mashtaka juu zaidi, na wanahakikisha majirani wamesikia. Kilichomshangaza fundi kilikuwa udogo wa vilivyoibiwa. Glavu. Nguo ya kuogea. Vibamba hivi ni sauti za watu ambao joho moja likiibiwa wanatetemeka kwa baridi mpaka nyumbani. Vinaonyesha kwamba mabafu hayo hayakuwa ya matajiri peke yao.

Utaratibu wa kuoga Kirumi ulihitaji mtu avue kila kitu na kukiacha. Aliingia chumba cha kuvulia nguo, akapita kwenye chumba cha uvuguvugu, kisha cha joto kali. Alijipaka mafuta, akayakwangua pamoja na jasho na uchafu kwa chuma kilichopinda, na mwisho akajitupa kwenye maji baridi. Seneca, mwanafalsafa aliyewahi kupanga chumba juu ya bafu, alilalamika katika mojawapo ya barua zake juu ya kelele za wanaoinua vyuma, wanaokandwa, wanaong'olewa nywele za kwapa na wauza soseji wanaotangaza biashara. Watu walikuja kuoga, na pia kuzungumza.

Katika Bath, Bwawa Kubwa halikuhitaji kuni, kwa sababu chemchemi ilifanya kazi hiyo. Lakini pande zake mbili, mashariki na magharibi, kulikuwa na vyumba vya jasho vilivyopashwa kwa moto, na mabaki yake ndiyo mahali ambapo mgeni mwenye subira hujifunza zaidi. Sakafu ya juu haipo. Vimebaki vijinguzo vya vigae vya mraba, vimepangwa kwa safu, kila kimoja hakifiki kiunoni mwa mtu mzima. Sakafu nzito ya chokaa na kokoto ilikaa juu ya vijinguzo hivyo. Tanuru lilikuwa nje ya ukuta. Moshi na joto vilivutwa chini ya sakafu, vikapanda ndani ya kuta kupitia matofali yenye tundu, vikatokea juu. Chumba kizima kiliivishwa kwa joto lililotoka pande zote, kama mkate wa mofa ndani ya tanuri lake, na waogaji walivaa viatu vya mbao ili wasiungue nyayo.

Mzee alitaka kuona mdomo wa tanuru. Alipouona aliuliza swali ambalo maandishi ya ukutani hayakulipa nafasi kubwa: nani alikuwa anakaa hapa?

Jibu ni watumwa, kwa sehemu kubwa. Walikata kuni, wakabeba, wakachochea, wakazoa majivu. Mtu mwembamba au mtoto ndiye aliyefaa kuingizwa chini ya sakafu kukwangua masizi, kwa kuwa nafasi haikumtosha mwingine. Hakuna aliyeacha kibamba chenye jina lake na kazi hiyo. Kitu kilicho karibu zaidi nao ni jiwe la kaburi lililokutwa Bath, la mtoto aliyeitwa Mercatilla. Maandishi yanasema aliishi mwaka mmoja, miezi 6 na siku 12, na kwamba alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kulelewa na mtu aliyeitwa Magnius. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa tayari amekwisha kuwa mali ya mtu na kuandikiwa uhuru. Binti, ambaye kazi yake ni wodi ya watoto, aliyasoma maandishi hayo mara mbili na hakutaka kuyafasiri kwa sauti. Baba yake alisubiri mpaka alipokuwa tayari.

Kutoka kwenye tanuru hilo hadi Unguja kuna njia, na si ya kubuni. Roma ilipodhoofika Ulaya, mabafu yake yaliendelea kuishi mashariki. Waarabu wa Bani Umayya walipotawala Shamu waliyakuta, wakayapenda, wakajenga ya kwao. Qusayr Amra, katika jangwa la Jordan, ni bafu la mwanzoni mwa karne ya 8 lenye vyumba vya baridi, uvuguvugu na joto, na sakafu iliyopashwa kwa chini kwa utaratibu uleule wa Kirumi. Uislamu uliusisitiza usafi wa mwili na ukaipa hamamu nafasi mjini, karibu na msikiti na soko. Hamamu zikasambaa hadi Uajemi. Kutoka huko zikavuka bahari. Mnamo mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan alijenga bafu la Kidichi, kaskazini ya mji wa Unguja, kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Hamamni ndani ya Mji Mkongwe, bafu la umma ambalo watu waliingia kwa kulipa. Barghash huyohuyo ndiye aliyewaletea wakazi wa mji maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na jina lake bado linatajwa kwa heshima miongoni mwa mafundi wa maji wa Unguja.

Hamamni leo haina maji. Mgeni hulipa kiingilio, akazungushwa katika vyumba vikavu, akaonyeshwa mahali pa kukandwa, pa kunyolewa na pa moto. Fundi amezaliwa mitaa michache kutoka hapo na amepita mlangoni pake tangu utotoni akienda chuoni, bila kuona haja ya kuingia. Alipokuwa Bath, mbele ya vijinguzo vile, ndipo alipoanza kumweleza binti yake Hamamni ilivyo: moto ulikaa upande upi, maji yaliingia wapi. Swali lake juu ya mdomo wa tanuru linagusa huko pia. Barghash alitia saini mwaka 1873 mkataba wa kufunga biashara ya watumwa, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi 1897. Hamamni ilikuwa ikiwashwa katika miaka hiyo. Watembezaji wa wageni wanafanya vyema kumtaja sultani. Wangefanya vyema zaidi kusimama pale pa kuni na kuuliza alivyouliza mzee yule.

Baada ya safari, binti alikuta katika kitabu cha maktaba jambo ambalo alijua litamfurahisha baba yake, akampigia simu kumsomea. Huko Aljustrel, kusini mwa Ureno, mahali palipoitwa Vipasca zama za Warumi, palikuwa na machimbo, na wachimbaji walikuwa na bafu. Kanuni za kuliendesha ziliandikwa kwenye bamba la shaba nyeusi wakati wa Hadrian, mtawala aliyefariki mwaka 138, na bamba hilo limesalimika. Aliyepangishwa bafu alitakiwa kulipasha kila siku, mwaka mzima, kwa gharama yake. Wanawake walioga kuanzia alfajiri hadi saa ya saba ya mchana, wakalipa asi moja, sarafu ya Kirumi, kila mmoja. Wanaume walianza saa ya nane hadi saa ya pili ya usiku, wakalipa nusu asi. Watoto na askari waliingia bure. Kila siku ya thelathini vyombo vya shaba vioshwe, vikaushwe na kupakwa mafuta mapya. Mpangaji hakuruhusiwa kuuza kuni, isipokuwa matawi yasiyofaa kuwashia. Bafu likiendeshwa ovyo, msimamizi wa machimbo aliweza kumtoza faini hadi sarafu 200 za sesta.

Mzee alimwambia arudie kifungu cha siku ya thelathini, kisha akamwagiza amwandikie yote kwa Kiswahili na kumtumia.

Karatasi hiyo imefika kwenye kamati ya maji ya shehia yake, ambako mzee ni mjumbe. Wana tangi moja la juu, pampu moja, na ugomvi usiokwisha juu ya nani alisafishe na kwa pesa ipi. Aliwasomea vifungu vya Vipasca kwenye kikao. Mama mmoja, muuza maandazi, aliuliza kwa nini wanawake walipe mara mbili ya wanaume, na hakuna aliyemjibu vya kutosha. Mjumbe mwingine alisema tangi lao la plastiki halina haja ya kupakwa mafuta, kwa hiyo kifungu hakiwahusu. Mzee akamjibu kwamba kilichoandikwa kwenye shaba ile ni tarehe, mtu na faini, na hayo matatu ndiyo ambayo kamati yao haijawahi kuyaweka kwenye daftari. Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Mwishoni walikubaliana juu ya tarehe, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na juu ya mtu, kijana wa jirani na pampu ambaye atalipwa kutoka kwenye mchango wa kila nyumba. Faini waliiahirisha hadi kikao kijacho.